Mtu Unayemjua Nusu Ndiye Mwenye Habari ya Kazi

Kijana akimaliza chuo Kisumu au Nakuru siku hizi hupewa mashauri mawili yanayogongana. Shangazi humwambia kazi ni kujuana, kwa hivyo amtafute yule mkubwa wa ukoo aliye ofisini. Wenzake humwambia afungue LinkedIn, ajiunge na kila kundi la matangazo ya kazi kwenye WhatsApp na Telegram, na asichoke kutuma CV. Hufanya yote mawili. Mkubwa wa ukoo hashiki simu, na CV zinakwenda zisirudi na jibu. Miezi ikipita huanza kuamini kwamba hana bahati, na hapo ndipo watu wazuri hukata tamaa.

Sidhani ni bahati. Nadhani tumefunga pamoja mambo matatu ambayo kila moja lina njia yake. La kwanza ni habari: kujua kwamba mahali fulani panahitajika mtu, kabla nafasi haijajazwa. La pili ni ushahidi: mtu ambaye mwajiri anamwamini kusema, "Huyu nimemwona akifanya kazi." La tatu ni upendeleo: kupewa nafasi iliyostahili kwenda kwa mwingine. Mawili ya kwanza ni halali kabisa, na yanaweza kujengwa hata na mtoto wa maskini asiye na jamaa yeyote ofisini. La tatu ndilo lililotia doa neno zima la kujuana, hata vijana waadilifu wakaona haya kumpigia mtu simu kuuliza kama amesikia lolote. Mitandao ya kijamii nayo husafirisha habari vizuri mno, lakini ushahidi huusafirisha kwa shida. Ukiitumia bila kujua unatafuta lipi kati ya hayo, utachoka bure.

Tuanze na habari. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani, Mark Granovetter, alichapisha makala ambayo bado inatajwa kila panapozungumziwa ajira. Alikuwa amewafuatilia wataalamu, mafundi sanifu na mameneja waliobadilisha kazi katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts. Asilimia 56 yao walikuwa wamepata kazi kupitia mtu waliyemjua. Hilo hata shangazi angekwambia. Jambo ambalo watu hawakulitarajia lilikuwa ni mtu wa aina gani. Kati ya waliosaidiwa na mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana naye mara mbili kwa wiki au zaidi. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja. Na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Kwa wengi, basi, aliyeleta habari hakuwa ndugu wala rafiki wa chanda na pete. Alikuwa mtu wanayemjua nusu.

Sababu yake haihitaji kitabu. Watu wako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Mnakaa mtaa mmoja Nyalenda, mnasali kanisa moja, mko katika makundi yaleyale ya WhatsApp. Tangazo likimfikia kaka yako, limekwishakufikia au litakufikia jioni hiyo. Lakini yule aliyekusimamia ulipofanya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, kwenye maabara upande wa Kisian, au mwanafunzi mwenzako wa Maseno ambaye sasa yuko Naivasha, anaishi katikati ya habari nyingine kabisa. Anajua nani anaacha kazi mwezi ujao. Anajua mradi gani umepata fedha. Hajakwambia kwa sababu hujamwingia akilini, wala si kwamba hakupendi.

Miaka karibu 50 baadaye jambo hilohilo lilipimwa kwa upana ambao Granovetter hakuweza kuuota. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia takwimu za LinkedIn: watu zaidi ya milioni 20 kwa muda wa miaka 5, na kazi mpya zipatazo 600,000. Watafiti walitumia majaribio ya ile sehemu inayokupendekezea watu wa kuunganishwa nao, wakaona ni miunganisho ipi inayoishia kwenye ajira. Matokeo yaliongeza jambo muhimu. Aliyesaidia zaidi hakuwa rafiki wa ndani, na hakuwa pia mgeni kabisa. Alikuwa yule wa katikati, ambaye mna watu kadhaa mnaowajua pamoja lakini si wengi. Ndiyo maana kumwandikia mkurugenzi mkuu wa kampuni kubwa ya Nairobi usiyejuana naye hata kwa mbali mara nyingi hakuzai kitu. Ngazi umeiruka.

Utafiti huo ulisema pia jambo la pili, ambalo wanaofundisha vijana kutumia LinkedIn hulisahau, na kwetu magharibi mwa Kenya ndilo lenye uzito. Faida ya watu wa mbali ilionekana katika kazi za kidijitali. Katika sekta zisizo za kidijitali sana, watu wa karibu ndio waliosaidia zaidi.

Sasa fikiria kazi zetu. Msichana aliyesomea uchanganuzi wa takwimu na anayetaka kazi za utafiti wa afya Kisumu, au anayefanya kazi za mtandaoni za aina ambayo mpango wa Ajira Digital umekuwa ukiwafundisha vijana, atafaidika na LinkedIn kweli. Lakini fundi wa kuchomelea vyuma pale Kibuye, mpishi wa hoteli, dereva wa lori la miwa kule Muhoroni, mwangalizi wa shamba la maua Naivasha? Hao huajiriwa kwa neno la mtu aliyewaona wakifanya kazi. Kumwambia fundi afungue LinkedIn halafu akae asubiri ni kumpotezea wakati.

Si kwamba mitandao haimfai fundi. Humfaa kwa namna nyingine, kama mahali pa kuonyesha mkono wake. Nimeona mafundi wawili wakitangaza mageti kwenye Facebook. Mmoja aliweka picha ya geti lililokwisha kupakwa rangi, limesimamishwa mbele ya nyumba nzuri. Mwingine alipiga picha tatu: vyuma vikiwa vimekatwa na kupangwa chini, kiungio kikiwa kimechomelewa lakini hakijasagwa kwa grinda, kisha kiungio hichohicho kikiwa laini kabla ya rangi. Akaandika upana wa bomba alilotumia, siku alizochukua, na mtaa, Mamboleo. Picha ya kwanza ingeweza kuwa ya mtu yeyote, hata ya kuokota mtandaoni. Zile tatu mkandarasi akizitazama anajua huyu ni fundi, kwa sababu rangi huficha uchomeleaji mbaya na huyu hakuficha. Picha kama hizo ndizo zinazokaribia ushahidi zaidi ya kitu kingine chochote mtandaoni.

Kuna jambo moja la WhatsApp ambalo wengi hawalifahamu na linawaponza. Ukiandika kwenye stetasi kwamba unatafuta kazi, wanaoiona ni wale waliohifadhi namba yako na wewe umehifadhi zao. Orodha ya matangazo, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, nayo huwafikia waliohifadhi namba yako tu. Na stetasi hutoweka baada ya saa 24. Kwa hivyo unawatangazia mama, dada na marafiki, watu ambao tayari wanajua huna kazi, huku yule msimamizi wa atachimenti, ambaye huenda aliifuta namba yako alipobadilisha simu, hana habari. Mtu huyo lazima aandikiwe yeye mwenyewe.

Anapatikana wapi mtu wa nusu? Mahali pa kwanza ni chuo chako. Ukiwa ndani ya LinkedIn, fungua ukurasa wa taasisi uliyosoma, iwe Masinde Muliro, Egerton, Kibabii au Maseno, kisha uingie sehemu ya waliohitimu. Unaweza kuwachuja kwa mahali wanapoishi, wanapofanya kazi na aina ya kazi. Andika "Kisumu" au "Nakuru" uone. Utapata watu waliokaa kwenye madawati uliyokalia wewe, waliofundishwa na wahadhiri haohao, na wengine wako katika ofisi ambazo umekuwa ukizipita kila siku ukielekea stendi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele chenye manufaa kuliko vyote katika mtandao ule, na wengi hawajawahi kukifungua.

Mahali pa pili ni pa kwetu hasa, na napataja kwa heshima. Huku magharibi mtu akifariki, kundi la WhatsApp la matanga hufunguliwa siku hiyohiyo. Ndani yake wanaingia wakwe, wafanyakazi wenza wa marehemu, waliosoma naye, majirani wa kijijini, walio Nairobi na walio ng'ambo. Kwa muda wa wiki mbili, watu ambao hawangekutana kamwe wako mahali pamoja. Simaanishi uombe kazi kati ya wanaoomboleza; huo ni utovu wa adabu na hautasahaulika. Nasema hivi: kundi lile lina kazi zake. Kuna kunakili orodha ya michango, jina baada ya jina, mia tano, elfu moja, na kuhakikisha hakuna aliyerukwa. Kuna kupanga magari ya kutoka mjini na kuandika ratiba. Kijana anayeishika orodha ile vizuri, hesabu yake ikilingana na ya mweka hazina kila jioni, ameonekana na watu mia mbili akifanya kazi ya uhasibu na ya katibu bila malipo. Miezi baadaye, mmoja wao akiulizwa kama anamfahamu kijana mwaminifu wa kushika hesabu za duka, ana jina la kutaja. Vivyo hivyo kwa katibu wa chama, mwanakwaya anayepanga safari, na kijana anayejitolea kwenye mikutano ya vijana wa teknolojia pale LakeHub.

Ukishampata mtu, ujumbe wenyewe ndio huharibu au hujenga. Ujumbe ninaouona mara nyingi ni huu: "Hi. Natafuta kazi yoyote. Tafadhali nisaidie." Anayeupokea anashindwa pa kuanzia. Hajui wewe ni nani, hajui unaweza nini, na "kazi yoyote" inamtaka yeye ndiye akufikirie maisha. Tena umemwomba kitu ambacho pengine hana mamlaka ya kukitoa, hivyo ananyamaza kwa aibu. Linganisha na huu:

"Habari ya asubuhi, Madam. Mimi ni yule mwanafunzi wa Sigalagala uliyenisimamia atachimenti mwaka jana, nikishughulikia stoo ya dawa. Nimemaliza diploma mwezi wa saba. Nia yangu ni kufanya kazi ya stoo au ununuzi hapa Kisumu au Kakamega. Naomba kukuuliza: kwa watu wa kazi yetu, nafasi kama hizi hutangazwa wapi, na kuna jambo unaona nilipaswa kujifunza zaidi kabla sijaomba? Nikikukuta na shughuli, hata ukinijibu wikendi nitashukuru."

Ujumbe wa pili hauombi kazi. Unaomba habari, na habari kila mtu anayo, hata karani wa kawaida. Umemkumbusha mlipokutana, umetaja kazi kwa jina na mahali, na swali lake linajibika kwa sentensi mbili. Mtu akikujibu hivyo mara moja, amekwishaanza kukufikiria. Akisikia nafasi juma lijalo, jina lako liko karibu. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha umwache.

Ushahidi una masharti mengine. Anayesema "huyu anafaa" anaweka heshima yake rehani. Ukiajiriwa kisha ukaharibu, yeye ndiye atakayeulizwa. Ndiyo maana watu wengi wema hukataa kuwasemea vijana, na si roho mbaya. Mrahisishie. Kabla hujaandika jina lake kati ya warejelewa wako, mwombe ruhusa. Akikubali, mtumie tangazo lenyewe, CV uliyoituma, na mistari michache ya kumkumbusha kazi mahususi mliyofanya pamoja: ile hesabu ya bidhaa ya mwisho wa mwaka, ile wiki mliyobaki wawili. Akipigiwa simu asianze kukisia.

Wasifu wako mtandaoni nao uandikwe kwa ajili ya anayetafuta, kwa sababu waajiri hutafuta kwa maneno: cheo, ujuzi, mji. Mstari wa juu unaosema "Kijana mwenye ndoto kubwa" hautajitokeza mtu akitafuta "fundi umeme Nakuru". Andika kazi unayoifanya au uliyosomea, vyombo na programu unazozimudu, na mji. Faili ya CV ibebe jina lako, isiitwe "CV mpya 3". Na usipakie picha ya kitambulisho au ya vyeti mahali pa wazi, hata kwa furaha ya mahafali. Namba ya kitambulisho na sahihi ya mkuu wa chuo ni mali kwa matapeli.

Sasa upendeleo, na hapa sheria ni muhimu kuliko mawaidha. Kazi za umma nchini Kenya hazitafutwi kama za kampuni binafsi. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahiki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka bodi ya utumishi wa umma ya kaunti itangaze nafasi. Matangazo hayo mara nyingi hueleza wazi kwamba mwombaji akijaribu kushawishi bodi, ameondolewa. Kwa kazi hizo, watu unaowajua wana kazi moja tu, nayo ni kukujulisha kwamba tangazo limetoka na linafungwa lini. MyGov, gazeti la serikali lenye matangazo yake, hutoka kila Jumanne, na bodi nyingi huweka matangazo kwenye tovuti zao. Yeyote anayedai anaweza "kusukuma faili" kwa elfu kadhaa anakuibia, au anakuingiza kwenye kosa la jinai. Mara nyingine yote mawili.

Na kwa wale ambao si wa kabila lenye wengi katika kaunti wanamoishi, Mluhya wa Kisumu, Mjaluo wa Nakuru, ipo haki ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Sheria hiyo ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 nayo inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Najua utekelezaji si mkamilifu. Lakini kijana anayeacha kutuma ombi kwa kuamini kwamba hawezi kuchukuliwa kwa sababu ya jina lake amejiondoa mwenyewe katika nafasi ambazo sheria imemtengea.

Utapeli nao hukua palepale habari zinapokua, na unaniumiza kwa sababu unamchukua aliye na kidogo kabisa. Alama yake ni pesa kutangulia kazi: za fomu, za uchunguzi wa daktari, za sare, za mafunzo, zitumwe kwa M-Pesa kwa mtu binafsi. Tume ya Utumishi wa Umma na bodi za kaunti hazitozi pesa za kuomba kazi. Zile "kazi" za Telegram za kubofya video hukulipa kidogo kwanza, kisha hukutaka uweke pesa zako ili ufunguliwe ngazi inayofuata. Pesa hizo hazirudi. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanamkataza mwajiri kudai vyeti vya uidhinishaji, kama kile cha tabia njema au cha HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kabla hajakusudia kukupa mkataba, kwa hivyo anayekuharakisha uvilipie hata kabla ya mahojiano ana lake jambo. Kazi ya ng'ambo iliyokuja kupitia Facebook ihakikishe kwanza kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tangu 2022 Wakenya wamelazimika kuokolewa kutoka Myanmar, walikofikishwa kwa ahadi nzuri za kazi za ofisini na kukuta wamefungiwa kwenye majumba ya utapeli wa mtandaoni.

Jambo la mwisho linalosahaulika ni kumrudia aliyekupa habari. Watu hutuma viungo vya matangazo, hujibu maswali, kisha hawasikii tena kilichotokea. Andika mistari miwili, hata ukikosa: "Madam, niliitwa Alhamisi nikahojiwa. Wamemchukua mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Nashukuru sana kwa kunijulisha, na bado natafuta." Kwa ujumbe huo amejua kwamba CV yako ilipita mchujo, kwamba tangazo alilokutumia lilikuwa la kweli, na kwamba akisikia nafasi nyingine ya stoo, namba yako bado ni ileile.